Mshairi wa Siki wa Borgolenta

Basi la Wajerumani lilipita uwanja wa Borgolenta bila hata kupunguza mwendo, na Meya Gilberto Sgarbanti, aliyekuwa amevaa tai kwa ajili yao, akalitukana mpaka likapotea kwenye kona.

"Nendeni!" alifoka. "Nendeni Serravecchia mkapige picha kitanda cha marehemu!"

Bi Onelia Bragaglia, mwenye mkahawa, alikuwa ameegemea mlango wake huku akijifuta mikono. "Unawalaumu bure, Meya. Serravecchia wana mshairi. Wana nyumba aliyozaliwa, wana kiti alichokalia, wana hata dirisha alilochungulia. Sisi tuna nini?"

"Tuna siki! Siki bora kupita zote za milima ya Modena! Babu yangu aliitia kwenye pipa, mimi naionja leo!"

"Siki haina nyumba ya kuzaliwa. Mtalii hawezi kusimama mbele ya siki akatokwa na machozi."

"Anaweza," alisema meya, "akiinusa kwa karibu."

Kwenye meza ya pembeni kabisa alikaa mwanamume mwembamba mwenye miwani na koti la kitambaa kizuri kilichochakaa viwiko. Alikuwa na kikombe kimoja cha kahawa tangu asubuhi. Jina lake Ubaldo Tassinari, na alikuwa amepanda huku milimani kwa sababu ambazo mama mwenye nyumba wake kule Bologna angezieleza vizuri zaidi. Masikio yake yalisimama kama ya sungura.

Tumtendee haki Ubaldo: hakuwa mwizi. Mwizi huvunja mlango. Ubaldo alifunguliwa mlango, akavutiwa kiti, akaulizwa anataka sukari kiasi gani. Alikuwa amesomea uzamivu wa lugha na fasihi ya Kitaliano kwa muda mrefu hivi kwamba wenzake alioanza nao walikwisha kuwa maprofesa, wakaota vitambi, wakaanza kupeana kazi na mashemeji. Tasnifu yake ilisifiwa kwa tanbihi zake, maana kila ukurasa ulikuwa na tanbihi nzito zilizotaja vitabu vya watu wasiojulikana. Kisha msimamizi wake akatamani kukisoma kimojawapo. Alikitafuta maktaba zote, akaandika barua mpaka Vatikani, mwisho akagundua kwamba kitabu hakipo, mwandishi hayupo, na hata mji kilikochapishwa haumo kwenye ramani. Ubaldo akatimuliwa. Kilichomuuma si kutimuliwa. Kilichomuuma ni kwamba hakuna hata mtu mmoja aliyesema kuwa kitabu kile, kama kingekuwepo, kingekuwa kizuri.

Basi, mtu wa namna hiyo umkalishe mezani, halafu mbele yake meya alie kwamba hana mshairi! Ni sawa na kumlilia fundi cherehani kwamba uko uchi.

"Samahani," alisema Ubaldo taratibu. "Nimesikia vibaya, au mmesema Borgolenta haina mshairi?"

"Umesikia vizuri, na inauma," alijibu meya.

Ubaldo alicheka kidogo, kicheko cha mtu anayejua jambo. Akainuka, akafunga vifungo vya koti. "Kumbe hamjui. Basi heri ninyamaze. Bi mkubwa, kahawa ni kiasi gani?"

"Hatujui nini?" Meya alimshika mkono wa koti.

"Niache, mheshimiwa. Nimekwisha zungumza na watu wa Serravecchia."

Ukitaka mtu wa Borgolenta akufuate mpaka kuzimu, mtajie Serravecchia. Meya aliburuta kiti, Bi Onelia akaleta mvinyo bila kuulizwa, na sahani ya tambi juu yake.

"Nicodemo Pancaldi," alinong'ona Ubaldo kwa unyenyekevu wa padri anayetaja mtakatifu. "Mshairi mkuu wa milima hii. Alizaliwa hapahapa, akafia hapahapa, kabla Wahispania hawajavuka bahari kwenda Marekani. Alisahauliwa kwa hila za wenye wivu. Mimi ndiye niliyefukua mashairi yake. Sasa Serravecchia wanataka niandike kwamba alizaliwa kwao. Mimi ni mtu wa elimu, Bi mkubwa. Siuzi ukweli."

"Na wao huo ukweli wanaununua bei gani?" aliuliza Bi Onelia.

Ubaldo alimtazama kwa heshima mpya. Huyu mama angekuwa mjanja hatari, laiti asingekuwa na mkahawa.

"Mashairi yanahusu nini?" meya aliuliza.

Ubaldo alitupa jicho dirishani, akaona mapipa yamepangwa uani, yana muhuri wa Sgarbanti.

"Siki," alisema.

Meya alilia. Sisemi kwa mzaha. Alitoa leso akalia kweli, mwanamume mzima mwenye tai.

Jioni ileile ikaundwa Kamati ya Pancaldi. Ubaldo akapewa chumba juu ya mkahawa, milo yake yote, na cheo cha Mkurugenzi wa Utafiti. Wakaanza kumwita Dokta, ingawa hilo halikuwa ajabu, maana kwetu kila mwenye miwani huitwa dokta mpaka athibitishe vinginevyo. Meya alikuwa na hofu moja tu: vitabu vya ubatizo vya parokia, vya zama hizo, viliwahi kuliwa na panya, vyote.

"Vyote?" Ubaldo aliuliza.

"Hata ngozi ya jalada."

"Mheshimiwa, usihuzunike. Katika taaluma yetu hakuna ushahidi mzito kama ule ulioliwa na panya. Nani ataupinga?"

Kazi ikaanza. Asubuhi Ubaldo alitembea kilimani mikono nyuma, mchana alikula, alasiri alitunga. Na hapa niseme jambo ambalo hata yeye lilimshangaza: mashairi yalitoka. Miaka yote alipokuwa akiandika kwa jina lake, kalamu ilikuwa nzito kama jembe. Kwa jina la Pancaldi ilikimbia. Moja, ambalo siku hizi watoto wa shule ya Borgolenta hulighani kwa sauti, ukilitia Kiswahili linakwenda hivi:

Siki uliye pipani, mweusi kama usiku,
Tone lako ulimini, hufufua hata kuku,
Jirani zetu bondeni, siki yao ni ya chuku,
Siku ya kwenda peponi, nizikwe pipani huku.

Meya aliposomewa mstari wa tatu aliomba urudiwe. Serravecchia iko bondeni.

Kijitabu kikachapishwa. Zizi la ng'ombe la Bi Onelia likapakwa chokaa likawa Nyumba Aliyozaliwa Mshairi; ng'ombe wakahamishwa, harufu ikabaki, na Ubaldo akaeleza kwamba harufu ni ya zama zile. Kitanda cha mshairi kilinunuliwa mnadani Modena. Maduka yakachanga, mkoa ukatoa ruzuku ya utamaduni, na ikatangazwa Sikukuu ya Pancaldi, siku ya mtakatifu wa mji. Ubaldo akawa analala usingizi mwororo, akipanga jinsi siku hiyo, bendi ikipiga na watu wakishangilia, Mkurugenzi wa Utafiti atakavyokwenda kuchukua kitu chumbani asirudi. Yeye na mfuko wa kamati.

Kamati ilikuwa ikibishana kuhusu pua ya sanamu, iwe ndefu au ya kawaida, mlango ulipofunguliwa. Akaingia mwanamke aliyekaribia makamo, gauni jeusi, kofia nyeusi, uso wa msiba uliochujwa vizuri.

"Hamjambo," alisema. "Naitwa Dorotea Pancaldi. Nimekuja kumwona babu."

Ubaldo alikuwa na biskuti mdomoni. Meya ilibidi ampige mgongoni mpaka itoke.

"Pancaldi?" meya alisema alipomaliza kuokoa maisha. "Pancaldi yule?"

"Kwani wako wangapi?" alisema yule mwanamke, akimtazama Ubaldo machoni.

Hebu mfikirie maskini ya Mungu. Italia nzima, kuanzia theluji ya kaskazini mpaka kisiwa cha mwisho kusini, kulikuwa na mtu mmoja tu aliyejua kwa yakini kwamba mwanamke huyu ni mwongo, na mtu huyo ndiye peke yake asiyeweza kusema. Lakini tapeli naye ana utu wake. Hakukubali kufa kikondoo.

"Ajabu," alisema. "Nicodemo hakuoa. Alikuwa mtawa."

Dorotea aliinamisha macho. "Ndiyo sababu familia yetu ilinyamaza miaka yote hii."

Bi Onelia akafanya ishara ya msalaba, kisha akasogeza kiti karibu asikose neno.

"Mtawa mgonjwa," Ubaldo aliongeza haraka. "Hakutoka chumbani."

"Bibi yetu ndiye aliyempelekea supu."

"Alikuwa na ukoma!"

"Alipona," alisema Dorotea. "Kwa siki."

Meya aliruka kutoka kitini. "Kwa siki! Bi Onelia, umesikia? Inaponya! Dada, karibu kiti! Wapi mvinyo? Mjukuu wa Pancaldi anakaa bila mvinyo?"

Kabla ya chakula cha jioni Nicodemo Pancaldi alikuwa amepata mke wa siri, watoto pacha, mguu wa mti na ugomvi na askofu, na Ubaldo alikuwa ametikisa kichwa kukubali kila kimoja, jasho likimtiririka mpaka kwenye soksi. Isitoshe, mjukuu alikuwa na urithi nyumbani: kalamu ya babu, kofia yake ya kulalia, na kipipa chake kidogo cha siki. Angeuza? Alisita. Vilikuwa vitu vya familia. Lakini kwa Borgolenta... Meya akasema papo hapo kwamba mfuko wote wa kamati utanunua urithi huo, na Dorotea atakabidhiwa pesa mbele ya umma siku ya sikukuu.

Mfuko wote!

Ubaldo alimkuta Dorotea nje, kwenye bomba la maji la uwanjani, akinawa mikono.

"Wewe ni nani?" alimuuliza kwa kusaga meno.

"Nyanya, Tassinari," alijibu bila kugeuka.

"Nini?"

"Shairi la tatu. Babu anakula tambi kwa mchuzi wa nyanya. Babu amekufa kabla Wahispania hawajavuka bahari. Nyanya wakati huo ilikuwa bado Marekani, haijapanda meli!"

Ubaldo alikumbuka ile siku. Alikuwa ametoka mezani kwa Bi Onelia, mchuzi bado uko kidevuni, akaandika moja kwa moja. Alirekebisha miwani, halafu akasema linalosemwa na wasomi wote wakibanwa: "Hiyo ni nyongeza ya mnakili."

Dorotea alicheka mpaka kofia ikamponyoka. Bila kofia alikuwa mtu mwingine kabisa. "Naitwa Dorotea Cavazzuti," alisema. "Uzamivu wa fasihi ya Kitaliano, Bologna, zama zilezile unazozichezea. Nimetetea, nimepata alama za juu kabisa, jopo likanipongeza kwa kusimama. Halafu ikatoka nafasi ya kazi. Unajua alipewa nani? Mpwa wa msimamizi wangu, kijana asiyeweza kutofautisha beti na betri. Mimi sasa nafungia watu zawadi dukani. Juzi mteja mmoja akaacha kijitabu chako juu ya meza. Nikasoma. Nikasema, huyu si mshairi wa zama zile, huyu ni mwenzangu mwenye njaa."

"Unataka nini?"

"Nusu."

"Nusu! Nimemzaa mimi, nimemlea mimi!"

"Basi twende kwa meya tukaulizane habari za nyanya."

Wakapeana mikono. Alikuwa na mkono mkavu, wenye nguvu. Alipokuwa anaondoka aligeuka: "Ila mashairi yenyewe ni mazuri. Lile la kuku nilicheka mpaka basi likaniacha."

"Kweli?" alisema Ubaldo.

Alilisema neno hilo vibaya. Alilisema kama mtu aliyekaa muda mrefu bila maji.

Majuma yaliyofuata walifanya kazi kama pacha. Yeye akitunga, Dorotea akikagua: hili neno halikuwepo, hiki chombo hakikuwepo, huyu mfalme alikuwa bado ananyonya. Mashairi mapya yakawa imara, yakaongezwa mwishoni mwa kijitabu kilipochapishwa tena. Angekuja profesa na darubini asingepata ufa. Ubaldo hakuwa mjinga, hakumwamini hata chembe. "Siku ya makabidhiano," alimwambia, "nitakuwa nimesimama ubavuni kwako, kama kivuli."

"Nitashangaa usipokuwepo," alisema Dorotea.

Siku moja wakiwa mezani, Bi Onelia amewapa crescentine, vile vimkate vya huku milimani, vya moto na jibini, Dorotea alimuuliza kwa nini hakumaliza masomo. Ubaldo alikuwa na majibu mengi ya swali hilo, yote mazuri, yote ya uongo. Sijui ni mvinyo au ni nini, akatoa la kweli. Alisema kwao, kijijini Romagna, hakuna aliyewahi kusoma. Alisema siku wenzake walipotetea, aliwaona wakitoka ukumbini na shada la majani kichwani, jamaa zao wamewazunguka chini ya matao ya Bologna, wanawaimbia matusi kwa furaha kama desturi ilivyo. Yeye alipiga makofi kwa kila mmoja, kila mwaka, na kila mwaka alikwenda nyumbani kichwa kitupu.

"Mimi nilitaka lile shada tu," alisema. "Kazi ningeitafuta mwenyewe."

Dorotea aliacha kutafuna. Huenda alimhurumia. Mimi naamini alimhurumia. Lakini huruma ni kitu kimoja, na kazi ni kitu kingine.

Siku chache baadaye akafika mgeni mkahawani, mzee mnene mwenye ndevu na kiko. Profesa Achille Ghirlandini, wa chuo kimoja cha kaskazini. Alikuwa amesoma kijitabu. Alikula sahani mbili za tortellini, tambi zilizofungwa nyama ndani, kwenye supu, akafunga macho, kisha akamshika Ubaldo bega.

"Tassinari," alisema, "taaluma ilikukosea."

Ubaldo alimmiminia mvinyo mpaka glasi ikafurika.

"Nimeongea na wenzangu. Chuo chetu kina utaratibu kwa watu wa aina yako. Andika kurasa zako kuhusu Pancaldi, tukukalishe mbele ya jopo, utetee, mambo yaishe. Tutakutana Bologna, nimepata ukumbi mzuri. Alhamisi ijayo."

"Alhamisi ndiyo sikukuu, Profesa!"

"Ah. Basi mwakani." Akapekua sahani kwa kijiko. "Au mwaka utakaofuata. Jopo langu ni la watu wenye shughuli. Na wengine ni wazee, unajua, hatuwezi kuwaahidi watu."

Usiku huo Ubaldo alijigeuza kitandani kama samaki kikaangoni, na asubuhi alimwendea Dorotea. "Hiyo pesa watakupa vipi?"

"Hundi. Na benki siku ya mtakatifu imefungwa. Wewe utarudi jioni, Ijumaa tunakwenda wote benki. Hundi ni karatasi, Ubaldo, haina miguu." Kisha akamrekebishia kola ya shati. "Nenda. Nafasi kama hii mtu haipati mara mbili."

Mtu anayeishi kwa kuwinda tamaa za wenzake hupekua mifuko ya kila mtu, wake hauangalii. Alhamisi alfajiri Ubaldo alishuka na basi la kwanza, suti imepigwa pasi na Bi Onelia kwa mkono wake, kurasa ziko kifuani.

Ukumbi ulikuwa ghorofa ya pili ya jumba la zamani karibu na soko, dari limechorwa malaika. Jopo la watu watano waliovaa majoho lilikaa nyuma ya meza ndefu, Ghirlandini katikati. Walimbana kwelikweli. Bibi mmoja mwenye sauti kali alimsulubu kuhusu mizani. Mwingine, kijana mwenye upara, alinyoosha kidole: "Na hii nyanya ya shairi la tatu, mtahiniwa?"

Ubaldo alivuta pumzi. Akasema nyanya ile si nyanya. Akasema mshairi wa kweli huona njaa kabla chakula hakijagunduliwa. Kwamba Pancaldi alikitamani kitu chekundu, chenye maji, chenye uchachu, ambacho ulimwengu wake haukuwa nacho, akakipa jina kabla hakijafika. Akasema kila mtu ana nyanya yake iliyoko ng'ambo ya bahari. Aliongea bila karatasi, mikono ikicheza hewani, na alipomaliza bibi mwenye sauti kali alikuwa anapangusa miwani.

Jopo likajadiliana. Likasimama. Alama za juu kabisa. Ghirlandini akamvika shada, majani mabichi yenye utepe mwekundu, na wote watano wakamshusha chini ya matao wakimwimbia yale matusi ya desturi, wapita njia wakipiga makofi, mama mmoja na mtoto wake wakasimama kumpongeza. Ubaldo alikuwa analia na kucheka kwa pamoja.

Bila shaka dokta mpya ndiye anayelisha watu. Waliingia mkahawa wa karibu, wakaagiza kila kitu kilichoandikwa. Baada ya nyama, kijana mwenye upara akatoka kuvuta sigara. Bibi akatoka kupiga simu. Wawili wakaenda kunawa. Ubaldo akawa anasimulia kwa viti vitupu, mpaka akabaki Ghirlandini peke yake, naye alikuwa anaitazama sahani.

"Wenzetu wanachelewa," alisema Ubaldo.

"Hawarudi, kaka."

Ile "kaka" ndiyo iliyomgutusha. Lafudhi nayo ilikuwa imebadilika. Ya kaskazini ilikuwa imekwisha, imebaki ya Bologna.

"Mimi naitwa Evaristo," alisema mzee. "Nina uzamivu wa historia ya lugha. Nauza magodoro. Yule bibi ana uzamivu wa mizani ya mashairi ya kale, anafundisha chekechea. Sote tuna shahada, usidhani tulikuletea wahuni. Dorotea alitwambia kuna chakula." Akasita. "Na majoho tulikodi kwa wacheza tamthilia."

Shada liliteleza likamfunika Ubaldo jicho moja. Hakuliinua.

"Kwa hiyo nimetetea tasnifu ya mtu asiyekuwepo," alisema polepole, "mbele ya jopo lisilokuwepo."

"Lakini umetetea!" Evaristo alimwinamia kwa nguvu. "Naapa kwa mama yangu. Mimi nilitetea ya kweli, na sikufika hapo ulipofika. Hatujawahi kukaa upande ule wa meza, kaka, hata mmoja wetu. Tulisahau kama tunaigiza." Akainuka, akavaa kofia. "Hongera, Dokta."

Ubaldo aliacha saa yake ya mkononi kwa mwenye mkahawa na akaondoka mbio.

Alipofika Borgolenta jua lilikuwa bado liko juu ya mapaa. Mabasi ya Wajerumani yalijaa uwanja, bendi inapiga, chupa za siki zinauzwa kama maji ya baraka. Mjukuu? Ameondoka mchana, alisema meya, uso unang'aa. Alitoa hotuba ya kumkumbuka babu, hata askari walilia. Tena tangu juzi alikuwa ameomba radhi: akina Pancaldi, tangu ugomvi na askofu, hawaamini hundi. Meya mwenyewe alikuwa amezitoa pesa benki tangu jana. Alimpa mkononi, wakabusiana mashavu, mpwa wa meya akamsindikiza stesheni kwa gari.

Ubaldo alisimama pale kama aliyemwagiwa maji. Akili ilimwambia anyamaze. Lakini hasira ni mjinga mwenye sauti kubwa, akapanda jukwaani, akanyakua kipaza sauti kwa mwimbaji.

"Sikilizeni! Mmetapeliwa! Hakuna Pancaldi! Hajawahi kuwepo Pancaldi! Yule mwanamke si mjukuu wa mtu! Nicodemo Pancaldi nimemtunga mimi, juu ya mkahawa, na mashairi yote nimeyaandika mimi!"

Bendi ikanyamaza. Wajerumani waliofikiri ni sehemu ya sherehe wakapiga makofi. Meya alipanda ngazi polepole, akamtazama toka viatu mpaka shada.

"Wewe?" alisema.

"Mimi!"

"'Tone lako ulimini, hufufua hata kuku' umeandika wewe?"

"Kwa mkono huu!"

Meya aliwageukia watu, na kicheko kikaanzia mbele, kikaenda nyuma mpaka kwenye mabasi. "Dokta," alisema kwa upole unaouma kuliko kofi, "nilikuwa nakuheshimu. Umekula kwetu, umelala kwetu. Serravecchia wamekupa ngapi?"

"Na siku ya babu hakuja!" Bi Onelia alipaza sauti kutoka mlangoni. "Nimempigia pasi suti, akaenda zake kunywa, ona na majani kichwani! Koti lako liko nje. Usipande juu tena!"

Walimshusha jukwaani kistaarabu, kila mmoja akimsukuma kidogo, mpaka kituo cha basi.

Kwenye basi la kushuka Modena alikaa kando ya bibi wa Kijerumani mwenye kofia ya majani, aliyekuwa anakisoma kile kijitabu kwa kidole, midomo ikicheza. Bibi yule alimwona amevaa shada, akamtabasamia.

"Wewe ni msomi, nafikiri," alisema kwa Kitaliano cha kuokoteza. "Unamjua huyu Pancaldi?"

Ubaldo alitazama dirishani. Mashamba ya mizabibu yalikuwa yanapita, na kibao cha Serravecchia.

"Namjua," alisema. "Alikuwa mtu maskini. Alikuwa na kipaji, lakini hakuna aliyemlipa."

"Maskini! Na alipenda? Mashairi ya mwisho yanaonyesha alipenda."

"Yanaonyesha?"

"Sana. Kuanzia hapa." Bibi akamgusia ukurasa.

Ubaldo aliinamia, akasoma, akarudia kusoma. Wakati anayaandika hakuwa ameona.

"Alimpenda mwanamke mmoja," alisema mwishowe. "Aliondoka na kila kitu."

Bibi akatoa kalamu kwenye mkoba, akayaandika hayo pembeni mwa shairi, akamwomba amtajie na jina la huyo mwanamke, herufi kwa herufi. Ubaldo akamtajia.